Mahali pa Kutekea: Historia ya Kuchagua Kituo cha Maji Pwani na Bara

Historia ya maji katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa upande wa vyanzo, yaani chemchemi, mito, mabwawa na mabomba makuu, na mara chache sana kwa upande wa mahali ambapo mtu husimama na chombo chake akakijaza. Swali la chanzo na swali la mahali pa kutekea hayana jibu moja. Chanzo huamuliwa na mwamba, mvua na mteremko wa ardhi, mambo ambayo binadamu hana budi kuyakubali kama yalivyo. Kituo cha kutekea, kwa upande wake, huamuliwa na wenye kauli, na kwa hiyo anayetazama kwa makini kisima kilichimbwa upande gani wa nyumba, au bomba la kijiji lilisimamishwa karibu na mlango wa nani, husoma humo mpangilio mzima wa jamii iliyokiweka. Kwa sehemu kubwa ya historia hiyo, kituo kiliwekwa palipomfaa aliyekiweka, na mtekaji ndiye aliyerekebisha safari yake.

Pwani ndiyo inayotoa ushahidi wa kale zaidi, kwa sababu ya umbile lake. Visiwa na ukanda wa pwani kutoka Lamu hadi Kilwa vimekaa kwa sehemu kubwa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo yana matundu mengi na hupitisha mvua kwa urahisi; maji hayo matamu yakishapenya huelea juu ya maji ya bahari, yaliyo mazito zaidi, na kufanya tabaka jembamba ambalo huweza kufikiwa kwa kina kidogo tu. Mchimbaji anayekwenda chini mno, au anayeteka kwa pupa mahali pamoja, huyavuta maji ya chumvi juu na kukiharibu kisima chake. Hali hiyo iliwafundisha wenyeji kuchimba visima vingi vifupi badala ya kisima kimoja kirefu, na jambo hilo likawapa uhuru ambao watu wa bara hawakuwa nao: mtu wa pwani aliweza kuchagua mahali pa maji karibu na shughuli yake, ilhali mtu wa bara mara nyingi alilazimika kuifuata mito na mabonde.

Uhuru huo ulitumiwa kwanza kwa ajili ya ibada. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyepita Mombasa mnamo mwaka 1331, aliona kwamba kwenye milango ya misikiti kulikuwa na kisima kimoja au viwili, vyenye kina cha dhiraa moja au mbili tu, dhiraa ikiwa ni urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na kwamba maji yalitekwa kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba, kifaa ambacho Mswahili yeyote atakitambua kuwa ni jamaa wa kata. Aliona pia kwamba ardhi iliyozunguka kisima na msikiti ilikuwa imesawazishwa, kwamba kila aliyetaka kuingia aliosha miguu kwanza, na kwamba mlangoni palikuwa na kipande cha jamvi zito cha kufutia nyayo. Maelezo hayo ni mafupi, lakini humo mna mpango kamili: maji yamewekwa njiani mwa mwenye kwenda kuswali, ardhi imetengenezwa ili tope lisifanyike, na hatua za mtu kutoka kisimani hadi kwenye mkeka wa ndani zimehesabiwa. Wapo wahandisi wengi wa karne ya 20 waliosimamisha mabomba bila kufikiria hata jambo moja kati ya hayo, hasa lile la tope.

Uchimbuzi wa magofu umeyaunga mkono maelezo ya msafiri huyo. Katika Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, mahali pa kutawadhia pamebaki na mawe ya duara ya kusugulia nyayo. Na katika magofu ya Gede, karibu na Malindi, ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, msikiti mkuu una kisima, birika na mfereji mdogo wa kupitisha maji kutoka kimoja hadi kingine. Birika, kwa maana ya ujenzi wa pwani, ni tangi la mawe na chokaa lililojengwa ardhini au ukutani, na kazi yake katika mpango huu ni kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganyika kisima kinapotumiwa na watu wengi kwa pamoja: kuteka na kutumia. Mtu mmoja huvuta maji na kujaza birika, na wengine hutawadha pembeni bila kugusa kamba wala kumwaga maji machafu mdomoni mwa kisima. Gede yenyewe ilihamwa katika karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kushuka kwa maji ya ardhini, kwa kuwa kuna dalili kwamba kisima kiliwahi kuongezwa kina.

Sheria nayo haikukaa kimya. Kitabu cha Minhaj al-Talibin cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa karne ya 13 wa madhehebu ya Shafii, kilichotegemewa sana na makadhi wa pwani, kinaeleza harimu ya kisima, yaani eneo linalokizunguka ambalo mtu mwingine haruhusiwi kulijenga wala kulilima. Kisima kikichimbwa katika ardhi mfu, ardhi ambayo haijawahi kuhuishwa na mtu, harimu yake hujumuisha mahali pa kusimama mtekaji, mahali pa hodhi, mahali pa gurudumu la kuvutia maji, mahali maji yanapokusanyika, na njia ya mnyama anayekwenda na kurudi akivuta kamba. Ipo pia hadithi iliyopokewa na Ibn Majah inayompa mchimba kisima dhiraa 40 kwa ajili ya mifugo yake, lakini namna ya Minhaj ina thamani ya pekee kwa mwanahistoria wa kazi, kwa sababu haipimi kwa namba. Inapima kwa mwendo wa miili, ya watu na ya wanyama, na kuacha ukubwa wa eneo utokane na shughuli zinazofanyika pale. Namba za serikali, kama itakavyoonekana, zilikuja baadaye sana, na hazikuja peke yao.

Ndani ya nyumba za mawe za Lamu, birika la chooni lilifuata fikra ileile kwa kipimo kidogo. Wenyeji waliweka samaki wadogo ndani yake ili wale viluwiluwi vya mbu, na katika sakafu ya birika walitia bakuli la kaure ambamo samaki hao walipata maji ya kuponea wakati birika linapokauka au kusafishwa. Kituo cha maji hapa kilikuwa ndani kabisa, mbali na macho ya wageni, jambo lililowafaa wanawake wa nyumba za kiungwana ambao desturi haikuwaruhusu kuonekana kisimani. Mzigo wa kwenda kuteka nje ulibaki kwa watumwa na kwa wanawake wa matabaka ya chini. Ni kosa kuusifu ustadi wa birika la Lamu bila kuuliza ni nani aliyelijaza.

Unguja ya karne ya 19 ilileta kipimo kingine, kile cha milki kubwa ya mtu mmoja. Jumba la Mtoni, makao ya Seyyid Said bin Sultan nje ya mji, lilipata jina lake kutokana na kijito kilichopita humo kuelekea baharini, na kumbukumbu za binti yake Salme, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete na aliyechapisha kitabu chake mwaka 1886, zinaonyesha jinsi mabafu yalivyojengwa mwishoni mwa ua ili yalishwe na maji yaendayo yenyewe. Huko Mtoni, mjenzi alikifuata kijito. Mwana wa Seyyid Said, Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alifanya kinyume: katika jumba la Maruhubi, alilolijenga mwanzoni mwa miaka ya 1880 na ambalo liliungua mwaka 1899, maji yalipitishwa juu ya mfereji wa mawe hadi kwenye mabafu na madimbwi ya bustani, na mabaki ya kazi hiyo yapo hadi leo. Ukilinganisha majumba hayo mawili, yaliyo karibu sana katika ufuo uleule, unaona hatua muhimu katika historia ya upangaji: mwenye eneo kubwa sasa aliweza kuamua kwanza bustani iwe wapi, bafu liwe wapi, kisha akayaamuru maji yafuate.

Barghash aliupeleka uwezo huo mjini. Alikuwa ameishi uhamishoni Bombay, alirithi mji uliokuwa umetoka kupigwa na kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870, ugonjwa ambao daktari James Christie aliueleza katika kitabu alichokichapisha mwaka 1876, na visima vya mji huo vilikuwa vimebanana na vyoo katika ardhi ya matumbawe inayopitisha kila kitu. Katika miaka ya 1880 alijenga njia ya kuleta maji kutoka chemchemi za nje ya mji hadi Mji Mkongwe, na wananchi wakayapata bila malipo. Mabafu ya Hamamni, yaliyokuwa wazi kwa watu wanaolipa, yalikuwa sehemu ya maendeleo hayohayo. Kuanzia hapo mkazi wa mji aliacha polepole kuuliza ni kisima gani chenye maji matamu, na akaanza kuuliza mfereji uko kona ipi. Mamlaka ya kujibu swali hilo yalikuwa yametoka mikononi mwa mtaa na kuingia mikononi mwa serikali.

Serikali za kikoloni ziliyatumia mamlaka hayo kwa namna isiyohitaji maelezo marefu. Mitaa ya Wazungu ilipata mabomba ya ndani na koki za bustani, na mitaa ya Waafrika, kama vile Pumwani ya Nairobi iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilipewa vyoo na mabomba ya pamoja, yaliyowekwa mahali ambapo bomba kuu lingefikika kwa gharama ndogo na ambapo askari angeweza kuona foleni. Umbali kati ya mlango wa nyumba na koki ulikuwa, kwa kweli, kipimo cha hadhi ya mkazi machoni mwa manispaa.

Shamba la mkonge linastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi, kwa kuwa ndilo eneo kubwa lililopangwa kuzunguka maji kwa ukamilifu kuliko jingine lolote katika Tanganyika. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na katika nusu karne iliyofuata ukafunika maelfu ya ekari katika Tanga, Korogwe, Morogoro na Kilosa. Jani la mkonge halina thamani kama halijapondwa mapema baada ya kukatwa, na mashine ya kulipondea, ambayo pamoja na jengo lake huitwa korona, huhitaji maji mengi mfululizo ili kuondoa utomvu na kuosha nyuzi. Kwa sababu hiyo mpangaji wa shamba alianza na korona, akaiweka karibu na mto au chini ya mfereji unaoteremka kwa uzito wa maji wenyewe, akaacha nafasi upande wa chini kwa maji machafu yenye harufu kali, kisha akachora reli nyembamba za kuletea majani kutoka mashambani. Kambi za manamba, vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mbali, zilikuja mwisho katika mchoro huo. Penye bomba la kambi, bomba hilo lilikuwa tawi la bomba la kiwandani, na saa zake zilikuwa saa za kiwanda. Mantiki hiyo haikuwa ya ukatili wa makusudi kila mara. Ilikuwa mantiki ya mtu anayeona nyuzi kuwa ndizo mteja wa kwanza wa maji, na binadamu kuwa mteja wa pili.

Baada ya uhuru, Tanzania ilijaribu kugeuza mpangilio huo. Mwaka 1971 serikali ilizindua mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, ambao lengo lake lilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila kaya iwe na maji safi ndani ya umbali wa mita 400. Kwa mara ya kwanza katika historia hii, mahali pa kutekea palipimwa kuanzia mlangoni mwa mtumiaji badala ya kuanzia kwenye chanzo, msikiti, jumba au kiwanda, na kwa hiyo ni vigumu kuukuza kupita kiasi umuhimu wa namba hiyo kama tamko la kisiasa. Operesheni Vijiji, iliyofuata kati ya 1973 na 1976, ilitakiwa kuirahisisha kazi hiyo kwa kukusanya kaya zilizotawanyika. Lakini vijiji vingi vilipangwa kandokando ya barabara ili huduma zifike, na barabara mara nyingi hupita kwenye miinuko, huku maji yakiwa mabondeni. Wafadhili walijigawia mikoa, Wafini wakaenda Mtwara na Lindi, Wadenishi wakaenda Iringa, Mbeya na Ruvuma, Waswidi wakaenda kanda ya Ziwa Viktoria, na kila kundi likaja na pampu na kanuni zake.

Mwaka 1991 ulipita bila lengo kufikiwa, na Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ikalirudia kwa ufafanuzi zaidi: lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kisichozidi mita 400 kutoka kaya ya mbali zaidi, na kila kituo kuhudumia watu 250. Namba hizo tatu zikisomwa pamoja huzaa hesabu ambayo sera yenyewe haiisemi. Watu 250 kwa lita 25 ni lita 6,250 kwa siku, yaani takriban madumu 312 ya lita 20. Koki yenye msukumo mzuri, inayotoa lita 10 kwa dakika, hujaza dumu moja kwa dakika mbili, na kwa hiyo foleni nzima huchukua zaidi ya saa kumi bila kupumzika, hata kama hakuna anayegombana, anayeosha dumu lake au anayelemewa na usingizi wa alfajiri. Kanuni inahesabu hatua za miguu na kuisahau foleni. Inasahau pia kwamba mita 400 kwenye ramani ni nusu kipenyo cha duara, ilhali mwanamke mwenye dumu kichwani hupita njia inayozunguka korongo, shamba la jirani na uwanja wa shule.

Kasoro nyingine ilikuwa imekwisha kuonyeshwa na utafiti uliofanyika papo hapo Afrika Mashariki. Gilbert White, David Bradley na Anne White walichunguza matumizi ya maji majumbani katika maeneo 34 ya Kenya, Uganda na Tanzania katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, na kitabu chao cha mwaka 1972 kiliweka wazi kwamba magonjwa mengi, hasa ya ngozi, macho na baadhi ya kuhara, hutokana na uchache wa maji ya kuogea na kufulia zaidi kuliko uchafu wa maji ya kunywa. Watafiti waliofuata, Sandy Cairncross na Richard Feachem miongoni mwao, walieleza tabia ya matumizi kulingana na umbali: safari ya kwenda na kurudi ikiwa kati ya dakika tano na nusu saa hivi, kaya huteka takriban kiasi kilekile, na kiasi hicho hupanda ghafla pale tu maji yanapoingia uani. Mita 400 zimeangukia katikati ya sehemu hiyo tambarare. Maana yake ni kwamba kuliondoa bomba kilometa moja na kulileta mita 400 humwokolea mwanamke muda, na hilo si dogo hata kidogo, lakini halimwongezei maji ya kumwogeshea mtoto.

Mahali hasa pa koki, ndani ya duara hilo, palibaki mikononi mwa watu watatu ambao hawakuwa wakielewana. Mtaalamu wa miamba alitaka pampu isimame palipo na maji ya kutosha na pasipo na choo ndani ya mita 30 angalau. Fundi wa bomba la mserereko, yaani bomba ambalo maji yake hutiririka kwa mteremko bila mashine, alitaka kituo kiwe chini ya tangi kwa kiasi cha kupata msukumo, lakini si chini sana kiasi cha kupasua viungio. Kamati ya maji ya kijiji, kwa upande wake, ilikuwa na wajumbe wenye nyumba, na haikuwa ajabu kukuta kilula, kama koki ya jamii inavyoitwa katika mikoa mingi ya Tanzania, kimesimama hatua chache kutoka kwa mwenyekiti. Wanawake, ambao ndio waliojua njia ipi huteleza masika na kona ipi si salama magharibi ikiingia, waliingizwa kwenye kamati kwa idadi ya maana pale tu programu za miaka ya 1980 zilipotambua kwamba pampu zilizowekwa bila wao zilikuwa zinaachwa.

Mijini mambo yaliendelea kwa njia nyingine. Dar es Salaam ilijengewa mtambo wa Ruvu Juu mwaka 1959 na wa Ruvu Chini katikati ya miaka ya 1970, kisha ikakua kwa kasi ambayo mabomba hayakuweza kuifuata. White na wenzake walikuwa wamepima matumizi ya kaya zenye mabomba na zisizo na mabomba miaka ya 1960. Utafiti wao uliporudiwa mwaka 1997 katika nchi zilezile tatu ulikuta matumizi ya kaya zenye mabomba yamepungua kwa karibu nusu, ya zile zisizo na mabomba yameongezeka karibu maradufu, na wachuuzi wa mikokoteni na vioski wamechukua nafasi kubwa kati ya bomba kuu na mtungi wa nyumbani.

Katika mazingira hayo, koki ya uani imekuwa na mantiki yake ya pekee. Mamlaka ya maji hufunga mita mpakani mwa kiwanja ili msoma mita aifikie bila kugonga mlango, na gharama ya bomba kutoka hapo kwenda ndani humwangukia mwenye nyumba. Mwenye kiwanja kikubwa asiye na fedha za mita 60 za bomba husimamisha koki ya kwanza palepale karibu na geti, hata kama jiko, zizi na bustani ya mchicha viko upande wa nyuma. Majirani wasio na bomba huja getini na madumu yao, mwenye nyumba akaanza kuuza, na kituo kilichopangwa kwa ajili ya kaya moja kikageuka kuwa kioski bila kibali. Wengine, hasa katika mitaa ya Waislamu ya Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, wanapochimba kisima kirefu cha pampu ya umeme hutoboa ukuta na kuacha koki moja upande wa barabarani kwa nia ya sadaka yenye kuendelea. Aliyetoboa ukuta ndiye anayelipa umeme, na ndiye anayeamua pampu izimwe saa ngapi.